Baba mdogo kwenye kabati la njiwa!

Bado unapigika na maisha au umeshayazoea? Mimi sijambo, ila kuna mjomba wangu mmoja kule Iringa hanijibu salamu tangu Krismasi ya mwaka 2024. Nikimpigia simu anampa mkewe. Kosa langu? Majivu. Tena siyo majivu ya jikoni, majivu ya mtu!

Najua ushaanza kukunja uso. Tulia, vuta kigoda, mchapo wenyewe ni mrefu.

Mwaka 2019 nilikuwa majuu, Houston, Texas, nikibeba boksi kama washkaji wengine. Nasema kubeba boksi kwa maana yake halisi: ghala, boksi, mgongo. Usiku mmoja katikati ya Januari simu ikalia. Alikuwa mama mdogo, anayemfuata mama yangu mzazi kwa kuzaliwa, ambaye anaishi Minnesota, jimbo la juu kabisa kaskazini linalopakana na Kanada. Hakulia. Alisema tu, "Mwanangu, baba yako mdogo ametuacha."

Sasa hapa lazima nikueleze baba mdogo alikuwa mtu gani, maana ukimchukulia kama Mzungu yeyote wa kwenye sinema hutanielewa. Unaujua ule urafiki wa Walutheri wa Saint Paul na Dayosisi ya Iringa ya KKKT, unaoitwa Bega kwa Bega? Ulianza mwaka 1987. Basi mwanzoni mwa miaka ya tisini jamaa alikuja na ujumbe mmoja, akafikia Pomerini, akae wiki tatu asaidie kazi ya kisima. Kisima kikachimbwa, na moyo wa mama mdogo nao ukachimbwa. Mwaka uliofuata akarudi na posa. Mahari akalipa mwenyewe, na ng'ombe akauziwa kwa bei ya Kizungu, jamaa zetu hawana huruma. Bibi alimkubali siku alipomwona anakula ugali kwa mkono bila kufundishwa. Akajua kusema "Kamwene" kwa lafudhi ya pale pale, na ulanzi aliunywa mpaka Jumapili moja ibada ikampita amelala chini ya mti.

Mimi nilikuwa mtoto wa miaka sita hivi. Alikuwa mrefu kama mlingoti, akanibeba mabegani toka kisimani hadi kwa bibi, nikawa naona mapaa ya nyumba kwa juu. Hilo la mabegani likumbuke, nitalirudia.

Nikapanda ndege Jumanne, tarehe 29 Januari. Houston mtu unatembea na koti jepesi. Kesho yake, Jumatano tarehe 30, Minneapolis iliamka na nyuzi 33 chini ya sifuri. Siyo 3, msomaji wangu, 33! Posta ya Marekani ikatangaza kwamba siku hiyo haipeleki barua Minnesota. Watu ambao wanajisifu kwamba barua hufika mvua inyeshe jua liwake, walikaa ndani. Mimi kamasi iliganda puani kabla sijafika kwenye gari.

Nikaingia msibani. Hapana turubai. Hapana masufuria. Hapana wanaume waliokaa nje kwenye viti vya plastiki wakijadili Simba na Yanga. Yupo mama mdogo, mabinti zake wawili, jirani mmoja kizee ameleta keki, na heater inakoroma. Nikakaa, nikatoa pole, nikalia kidogo peke yangu kama mjinga. Kisha nikauliza kama mtu mzima anavyotakiwa kuuliza, "Mama mdogo, tunaenda lini kumwona?"

Akanyoosha kidole kwenye meza ndogo iliyo kando ya televisheni. "Yupo pale."

Nakuapia nilichungulia nyuma ya meza. Juu yake palikuwa na sanduku la mti, lililopigwa polishi vizuri, ukubwa wake kama redio ya mkulima ya zamani. Nikatazama sanduku, nikamtazama mama mdogo, nikatazama sanduku. Mtu aliyenibeba mabegani yumo mle!

Usiku ule sikulala sebuleni walikonitandikia. Nilizuga nina mafua, nikahamia chumba cha chini.

Lakini kwa kuwa mimi ni mwandishi na ubuyu ndiyo kazi yangu, asubuhi nikaanza kuuliza. Nikupe kwa kifupi jinsi mambo yanavyokwenda. Maiti huingizwa kwenye tanuri, joto lake nyuzi 800 na zaidi, kwa muda wa saa mbili hivi, mwenye mwili mkubwa zaidi ya hapo. Kipande cha chuma chenye namba hufuatana na mwili tangu mwanzo mpaka mwisho, ili asije akatoka shemeji wa mtu mwingine. Kinachobaki siyo majivu kama ya kuni, ni mifupa iliyokauka kabisa, ambayo husagwa kwenye mashine ikawa kama mchanga mweupe mweupe. Mtu mzima anabaki kilo mbili au tatu hivi. Mwenye betri ya moyo kifuani lazima atolewe betri kwanza, maana ikipata moto inalipuka na kuharibu tanuri. Hilo la betri nalo likumbuke.

Nikadhani ni ukatili wa Wazungu tu. Kumbe ni hesabu pia. Kwa takwimu za chama cha wenye kampuni za mazishi cha huko, mwaka ule wa 2019 mazishi ya kawaida, ya jeneza na kuaga mwili, yalikuwa yanagharimu zaidi ya dola 7,000, na hapo hujanunua kiwanja cha kaburi. Halafu Minnesota ardhi ya Januari imeganda kuanzia juu hadi kina cha mita na zaidi. Zamani waliokufa wakati wa baridi kali waliwekwa kwenye chumba cha mawe wasubiri barafu iyeyuke, ndipo wazikwe. Hebu fikiria umefiwa Januari unazika Aprili! Ukichanganya na watu kuhamahama, ndiyo maana tangu mwaka 2016 hivi Wamarekani wanaochomwa wamewapita wanaozikwa, na Minnesota iko juu ya wastani wa nchi.

Jumamosi tarehe 2 Februari ndiyo ilikuwa ibada. Baridi ilikuwa imelegea, ile siku tatu baadaye watu wanatembea bila kofia, hali ya hewa ya kule ina kichaa. Kanisa lao la Kilutheri, matofali mekundu, limejaa. Sanduku likawekwa mbele karibu na kisima cha ubatizo, mshumaa mkubwa pembeni, kitambaa cheupe. Nyimbo ni zile zile zetu, tuni nilizikuta zinanisubiri, nikaimba Kiswahili wao wakiimba Kiingereza na hakuna aliyegeuka kunitazama.

Ibada ilipokaribia mwisho mama mdogo akanishika mkono. "Kwetu mtoto wa kiume ndiye anabeba. Mimi sina wa kiume. Wewe ndiye."

Nikasimama. Magoti yakacheza. Nikalibeba lile sanduku kwa mikono miwili, na uzito wake, msomaji wangu, ulikuwa kama mfuko wa sembe ule wa dukani. Kilo tatu na ushee, tena na sanduku lenyewe. Nilikuwa nimejiandaa kubeba mtu. Kitu kikiwa kizito unajua la kufanya, unakaza mgongo. Hiki hakikutaka nguvu yoyote, na nadhani ndicho kilichonimaliza. Nililia mpaka yule kizee wa keki akanipa leso yake.

Tukatoka kwa mstari, tukaingia kwenye kikanisa kidogo cha pembeni, na hapo ndipo nikaona ukuta. Ukuta mzima wa granaiti ya kijivu umegawanywa vipande vya mraba, kila kipande kama futi moja kwa futi moja, majina na miaka vimechongwa. Nyuma ya kila kipande kuna kishubaka. Wanaita kolumbaria. Kimoja kilikuwa wazi, cheusi ndani. Mzee mmoja fundi wa kanisa alikuwa pembeni ameshika bisibisi na kile kifaa cha mpira cha kunyonyea kioo, maana jiwe halina mshikio.

Mchungaji akasoma, akaomba, akafanya ishara ya msalaba, akayataja yale maneno ya udongo na mavumbi ambayo hata wewe umeyasikia makaburini Kinondoni. Nikasukuma sanduku ndani. Likakwaruza kidogo. Fundi akarudisha jiwe, akaanza kukaza skrubu, na skrubu moja ikagoma. Ikagoma kabisa! Akakaza, ikatoka. Akakaza, ikatoka. Watu mia moja wamesimama kimya wanasikiliza bisibisi. Binti mkubwa wa baba mdogo akaanza kucheka kwa pua, mdogo wake akafuata, mwisho mama mdogo mwenyewe akaangua. "Hata huku anakataa kuingia ndani," akasema kwa Kihehe, na mimi peke yangu ndiye niliyeelewa.

Tukaenda kunywa kahawa. Walutheri wa Minnesota na kahawa ni ndugu wa damu. Pilau hakuna, kuna viazi vilivyookwa na jibini, kuna mikate ya nyama ya nguruwe, kuna vitu vya rangi vinavyotikisika. Mama mdogo alikuwa amekaanga sambusa usiku, ziliisha kabla hata mchungaji hajafika mezani.

Nikakaa na mzee mmoja, mwalimu mstaafu, ambaye ndiye msimamizi wa ule ukuta. Akanimwagia darasa. Kolumbaria ni neno la Kilatini, limetoka kwenye columba, yaani njiwa. Maana yake banda la njiwa! Warumi wa kale walikuwa wakichoma maiti na kuweka majivu kwenye vyumba vya chini ya ardhi vyenye vishubaka ukuta mzima, ukiingia unaona kama viota. Vingine vipo mpaka leo pale Roma, karibu na barabara ya kale ya Apia. Na wengi waliolala mle siyo matajiri, ni watumwa, waliokuwa watumwa wakaachwa huru, watu wa kazi ndogo ndogo. Walikuwa na vyama vyao, kila mwezi mtu anatoa mchango, akifa chama kinamhifadhi. Nikamwambia mzee, hicho sisi Bongo tunacho, kinaitwa chama cha kufa na kuzikana! Akatoa kalamu, akaandika.

Wakristo wa kwanza hawakutaka kuchoma, walitaka kuzika kama alivyozikwa Bwana wao. Mfalme Karoli Mkuu, zaidi ya miaka 1,200 iliyopita, alitunga sheria kwamba Msaksoni akichoma maiti kwa desturi za kipagani naye auawe. Mambo yakageuka karne ya 19, watu walipoanza kulalamikia makaburi yaliyojaa mijini. Ujerumani tanuri la kwanza la kisasa lilijengwa Gotha, mwaka 1878, na Gotha ni mji wa Walutheri tangu enzi za Luther mwenyewe. Wakatoliki waliruhusiwa mwaka 1963, ila mwaka 2016 Vatikani ikakumbusha kwamba majivu hayakai sebuleni wala hayagawanywi wala hayamwagwi baharini, yawekwe mahali patakatifu. Walutheri hawana ugomvi mkubwa na jambo hili. Sweden, nchi iliyokuwa ya Kilutheri kwa karne nyingi, zaidi ya watu wanane katika kila kumi wanachomwa.

Mimi nikawa natikisa kichwa tu, akili iko kwenye lile jiwe. Nikarudi peke yangu kulitazama. Skrubu ilikuwa imekubali. Nikasoma jina la baba mdogo, mwaka wa kuzaliwa, mwaka wa kufa. Chini yake kulikuwa na jina jingine.

La mama mdogo.

Mwaka wake wa kuzaliwa, kistari kifupi, halafu jiwe tupu.

Kile kistari kilinitoa jasho, na nje barafu. Nikageuka, yeye mwenyewe yuko nyuma yangu na kikombe cha kahawa. Akaniambia kila kishubaka kinachukua wawili. Walikilipia pamoja mwaka 2015, dola elfu mbili, kwa awamu. "Ukirudi nyumbani waambie," akasema. "Waambie mama na kaka. Mimi kwa simu siwezi."

Nikamuuliza swali ambalo hata wewe ungeuliza. Kwa nini asirudishwe Pomerini? Akacheka. Yeye ndiye aliyekuwa mweka hazina wa michango ya wabongo wa pale mtu anapofariki. Anajua kila kitu: kuhifadhi mwili, vibali, jeneza la kufungwa, tiketi ya maiti kama mzigo, maelfu na maelfu ya dola, na watu wanaochanga ni hawa hawa wanaofua shuka za wazee usiku. "Nimepiga magoti kwa watu mara tisa, siwezi kuwapigisha watu magoti kwa ajili yangu." Halafu akanyamaza kidogo. "Nikilazwa Pomerini, hawa wanangu watakuja kunitembelea mara ngapi? Nikilazwa hapa, mama atakuja mara ngapi? Nimelitafuta jibu ambalo halimuumizi mtu. Halipo."

Nikaahidi.

Nilirudi Bongo mwaka 2020. Msomaji wangu, hapa ndipo ninapoona aibu. Sikusema. Mwaka wa kwanza nilisema ngoja nipumzike. Wa pili, bibi alikuwa anaumwa miguu. Wa tatu, mjomba alikuwa na kesi ya shamba. Wa nne sikujisumbua hata kutafuta sababu. Ni rahisi kukaa na neno la mtu tumboni mpaka unaliona kama la kwako.

Novemba 2024 mama mdogo akapiga. Moyo ulikuwa umesumbua, wamemwekea betri kifuani, anaendelea vizuri. Akatania kwamba wasije wakasahau kuitoa. Nikacheka. Ndipo akauliza, "Wale nyumbani uliwaambia?"

"Niliwaambia."

"Mama alisemaje?"

"Alipokea."

Akavuta pumzi ndefu. "Mungu akubariki mwanangu. Ulinitua mzigo."

Wee acha tu. Uongo nimesema mwingi katika maisha, kwa wenye nyumba, kwa mademu, kwa mhariri wa gazeti. Haukuwahi hata mmoja kunishukuru namna ile.

Basi Krismasi nikapanda basi la Iringa. Ukoo mzima upo Pomerini: bibi, mama, mjomba na mkewe, binamu, na mchungaji wa usharika aliyealikwa chakula bila kujua anaingia kwenye moto. Nikasubiri watu washibe. Nikasema yote, mpaka na uongo wangu wa Novemba.

Mjomba akainuka. "Mtu anayechomwa moto hapa nchini ni kibaka," akasema. "Anavalishwa tairi. Sasa dada yangu kaiba nini?"

Nikakosa jibu. Ukweli ni kwamba huo ndio moto tunaoujua. Ndugu zetu Wahindu wa Upanga na Kisutu wamechoma wapendwa wao hapa hapa nchini vizazi na vizazi, lakini sisi tunapita tukidhani ni mambo yao. Binamu mmoja msomi akadakia kwamba hata Wangari Maathai wa Kenya, mshindi wa tuzo ya Nobel, alichomwa Kariokor, Nairobi, mwaka 2011, kwa wosia wake, kwa sababu hakutaka mti ukatwe kwa ajili ya jeneza lake. Mjomba akamwambia Wakenya wakazike Wakenya.

Akamgeukia mchungaji. "Atafufuka na nini?"

Mchungaji akafuta mdomo. Kwanza akakiri kwamba yeye katika utumishi wake hajawahi kuongoza ibada ya namna hiyo na hajui kama angeijua. Halafu akasema watu wa Yabeshi-Gileadi waliuchoma mwili wa mfalme Sauli na wa wanawe, wakaizika mifupa, na Daudi aliwabariki kwa wema ule. Akasema mashahidi wa Uganda walichomwa Namugongo mwaka 1886, na hakuna Mkristo anayedhani Mungu atashindwa kuwapata. Akataja na MV Bukoba, mwaka 1996, wale ambao Ziwa Viktoria halikuwarudisha. "Kama ufufuo unategemea kaburi," akasema, "basi wengi wetu tumepotea."

Mjomba siyo mjinga, na lile aliloleta baadaye lilinipiga. Akauliza, "Na hilo kanisa likiuzwa likawa baa?" Huo si uzushi. Sharika nyingi za kule zinapungua watu, makanisa yanafungwa na kuuzwa, na pale Pittsburgh kuna kanisa moja la zamani ambalo tangu mwaka 1996 wanapikia bia ndani, mitambo imesimama kwenye madhabahu. Nikamwambia karatasi ya mkataba nimeisoma. Walichonunua si ardhi, ni haki ya kutumia kishubaka, na imeandikwa kwamba usharika ukifungwa lazima vyombo vihamishiwe mahali pengine pa heshima, familia ikijulishwa. "Ikijulishwa," mjomba akarudia. "Kwa barua." Akatoka nje, tukasikia anapasua kuni usiku ule wa Krismasi.

Mama yangu alikuwa analia kimya kimya kwenye upindo wa kitenge. Bibi alikuwa hajasema neno. Bibi ana umri wa karibu miaka tisini, masikio yake yanachagua ya kusikia.

"Hicho kishubaka kina mlango?" akauliza.

"Kina jiwe, bibi."

"Panya?"

"Hawaingii."

"Na mumewe yumo?"

"Yumo. Nilimweka mimi."

Akanyamaza muda mrefu. Kisha akatuambia kitu ambacho wengine walishakisikia lakini mimi sikuwahi kukisikia kwa mdomo wake. Kwao ni Kalenga. Mwaka 1954 alikuwa msichana, na siku kichwa cha Mkwawa kiliporudishwa alisimama kwenye umati. Wajerumani walikichukua mwaka 1898, Waingereza wakakiandika mpaka kwenye mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 kwamba kirudishwe, na bado kikachukua miaka mingine 35. Wataalamu wanabishana mpaka leo kama ndicho chenyewe. Bibi habishani na wataalamu. "Alikaa ndani ya sanduku Ulaya miaka hamsini na sita," akasema, "na siku zote hizo alikuwa Mkwawa. Yule alichukuliwa kwa nguvu. Huyu wangu anasema mwenyewe."

Akataka kutuma udongo wa pale nyumbani kwenye kopo la Blue Band. Nikamweleza kwamba udongo hauingii Marekani bila kibali, watautupa uwanja wa ndege. Akakasirika kidogo, si kwangu, kwa Marekani. "Nguo je?" Nguo inapita. Akaenda chumbani, akarudi na kitenge chake kimoja kilichofuliwa mpaka kikawa laini kama shashi, akanikabidhi. Kilisafiri mwaka 2025 na mgeni mmoja wa kanisa. Nilimpigia yule mwalimu mstaafu kuuliza kama kinaruhusiwa, akasema ndani ya kishubaka kanuni ni vyombo tu, lakini hakuna kanuni inayosema chombo kisifungwe nguo.

Usiku ule ule wa Krismasi bibi akaniita tena. Alikuwa ameshika Biblia yake, ile ambayo kurasa za nyuma ameandikisha wafu wote wa ukoo, na walipo: babu, chini ya mwembe, mtoto wake wa kwanza, Tosamaganga hospitali, kaburi halijulikani, mdogo wake, Kilolo. Akanipa kalamu.

"Andika ukuta, andika na namba."

Nikaandika. Safu ya tatu toka chini, namba 41. Akaniambia niandike kwa herufi kubwa kwa sababu macho hayaoni vizuri, nikarudia.

Nikatoka nje, nikampigia mama mdogo. Kule ilikuwa bado mchana. Nikamwambia nilimdanganya, na kwamba sasa nimesema. Kimya. Nikadhani salio limekata.

"Mama amesemaje?"

"Ameomba namba."

Sikujua kama analia au anacheka, mtandao wa Pomerini nao una mambo yake. Mjomba alikuwa bado anapasua kuni upande wa pili wa banda, na alipoona ninaongea na nani, akanyanyua shoka lake akaingia ndani.

Haya, wiki ijayo panapo majaliwa. Kama unamfahamu mtu mwenye dawa ya mjomba aliyenuna, niandikie.